Picha kuonekana sio kurekodi: hadi diski ya DVR yetu ilivyotufia kimya kimya

Wiki ya mwisho ya mwezi wa nne, alfajiri jua hata halijatoka, mjumbe wetu wa shina kagonga geti. Nikatoka na khanga yangu begani nikamwamkia, shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, alafu hakuzunguka, akasema jirani yenu wa geti la bluu kaibiwa pampu ya maji usiku, mabomba yamekatwa na msumeno, wamebeba pampu na waya wake wote, na huku kwetu nyumba yenye kamera inayoangalia ile njia ni yenu tu, hebu mwanangu tuangalizie nani kapita.

Mi nikawakaribisha ndani kwa kujiamini kabisa. Tunakaa Tabata, nyumba ni ya mama, na zile kamera nne nilizifungisha mwenyewe miaka mitatu nyuma kwa hela ya mchezo wa ofisini, zamu yangu ilipofika sikununua kitu kingine chochote. Wakaingia mjumbe, yule mama jirani, mashemeji zake wawili, na nyuma kabisa karibu na mlango kasimama kijana wake wa kazi, yule anayemwagilia bustani na kulisha kuku. Nikawasha tivii. Picha zote nne hizo hapo, safi, njia inaonekana, geti linaonekana, mpaka kuku wa jirani anaonekana anachakura kwenye mchanga. Yule kijana akasema kwa sauti ya chini, dada we angalia tu, mi tangu nilivyofunga mlango saa tatu sijatoka.

Nikaingia sehemu ya marudio. Mjumbe akaniambia anza saa nane usiku. Hapa niseme kitu kwa wenye hizi mashine, saa nane yetu ya usiku kwenye DVR, kile kiboksi kinachorekodi picha za kamera, inaandikwa 02:00, nimeshaona watu wanatafuta 08:00 wanakuta mchana kweupe watoto wanaenda shule alafu wanasema kamera hazijanasa kitu. Nilienda 02:00 kama inavyotakiwa. Hamna. Nikafungua ile kalenda ambayo siku zenye rekodi zinawekewa alama, mwezi wa nne wote mweupe. Nikarudi mwezi wa tatu, mweupe. Mwezi wa pili una alama mpaka tarehe 19, baada ya hapo hakuna tena kitu.

"Kwa hiyo hamna?"

"Hamna baba."

Mjumbe akanyamaza, yule mama akavuta pumzi ndefu, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Kijana ndo alikuwa wa mwisho, bado anaangalia tivii, bado zile picha nne zinaonekana safi kama kawaida, nadhani alikuwa haelewi inakuwaje mashine inaonyesha kila kitu alafu haikumbuki kitu. Wengine walikuja pale wakitaka kumjua mwizi, ye alikuja akitaka ionekane kwamba mlango wake haukufunguka usiku ule. Kikao kilikaa kwa mjumbe jioni yake, hakuna aliyemfikisha polisi maana ushahidi haukuwepo, ila siku mbili baadae nikamuona anapita na begi lake kuelekea stendi. Kuna ushahidi ungekuwepo, uwe wa kumtetea au wa kumtia hatiani, na ulitakiwa ukae nyumbani kwetu. Hilo lilinikaa kifuani nikashindwa hata kula vizuri wiki ile.

Sasa kinachoniuma zaidi ni kwamba mashine ilisema. Mwezi wa pili DVR ilianza kulia, tiiit, tiiit, tiiit, inapumzika kidogo inaanza tena, usiku na mchana. Mama akawa hasikii taarifa ya habari, akaniambia mwanangu hiki kidude kinanipasua kichwa. Nikamtafuta fundi aliyetufungia, yuko mkoani kikazi, nikamtumia meseji, akanijibu ingia menyu, nenda sehemu ya tahadhari, toa tiki kwenye mlio. Nikatoa tiki. Kimya. Mama akafurahi na mi nikafurahi. Baada ya wizi nikarudi kwenye meseji za simu kutafuta ilikuwa lini, nikakuta tarehe 20 mwezi wa pili. Yaani siku moja tu baada ya rekodi ya mwisho. Mashine ilikufa diski, yaani ile hadi diski (hard disk) inayotunza rekodi, ikapiga kelele ya kuomba msaada, na mimi kwa mkono wangu nikaiziba mdomo. Fundi hakuuliza inalia kwanini na mimi sikuuliza, wote wawili tulitaka kelele iishe.

Kwa asiyeelewa inakuwaje picha inaendelea kuonekana, ni hivi. Picha inatoka kwenye kamera inaingia kwenye bodi ya DVR, na bodi inaipeleka njia mbili, njia moja inaenda moja kwa moja kwenye tivii na kwenye simu yako, njia ya pili inaenda kwenye hadi diski kuandikwa. Hizi njia mbili hazitegemeani. Diski ikifa, ile ya kwanza inaendelea kama hakuna kilichotokea, ndo maana unaweza kukaa miezi unafungua kamera kwenye simu ukiwa kazini, unaona nyumba iko salama, unafunga simu unaridhika, na nyuma yake hakuna kinachoandikwa hata sekunde moja. Mi nilikuwa nafungua kila siku mchana. Kila siku!

Basi Jumamosi nikaamua kazi hii naifanya mwenyewe. Si kwamba sina imani na mafundi, ila nilitaka nijue kila kitu kilichomo kwenye kile kiboksi, nisije nikaambiwa tena toa tiki nikatoa.

Kabla hujakimbilia kununua diski mpya kuna vitu viwili vya bei ndogo unavyotakiwa kuvitilia shaka kwanza, adapta na kebo. DVR ndogo za kamera nne nyingi zinatumia adapta moja ya volti 12, na adapta hiyo hiyo inalisha bodi na inalisha hadi diski. Diski inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko ikishachangamka, sasa adapta ikizeeka inakuwa haiwezi ule mvuto wa mwanzo, diski inajaribu kuzunguka inashindwa, inajaribu tena, unasikia inagonga gonga unasema imekufa kumbe inakosa nguvu tu. Nikaazima ofisini adapta ya volti 12 ampia 3, yetu ilikuwa ya ampia 2. Kuongeza ampia haina shida, kifaa kinachukua kinachohitaji, ila volti lazima ziwe zile zile na pini ya kati iwe chanya kama ya mwanzo, soma ile alama iliyochorwa kwenye adapta zote mbili. Nikabadilisha na ile kebo ya SATA, ile nyembamba bapa. Nikawasha. Kwenye menyu ya diski bado inaandika kosa. Haya, ni diski kweli.

Nikazima kwa kutumia menyu, nikachomoa ukutani, nikaishusha kutoka juu ya kabati. Na hapo juu ya kabati ndo nikaona kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukifikiria. Mama kaifunika DVR kwa kitambaa cha kufuma. Kile cheupe chenye maua, alichokifuma mwenyewe, tivii ina chake, redio ina chake, friji lina chake, na DVR ikapewa chake ili isipate vumbi. Matundu yote ya juu ya kutolea joto yamefunikwa. Na kabati lenyewe liko sentimita chache chini ya dari, juu ya dari ni mabati, na sote tunajua sebule ya Dar mwezi wa pili inakuwaje. Mama alifanya kwa upendo, na hakuna aliyemwambia kwamba ile mashine inapumulia pale juu. Mimi niliyeileta nyumbani ndo nilitakiwa nimwambie.

Skrubu za mfuniko ziko nyuma na pembeni, bisibisi ya nyota inatosha. Nikafungua. Vumbi limelala kwenye bodi kama unga wa muhogo. Kwenye kona, nyuma ya tundu la kamera ya tatu, mayai mawili ya mjusi, meupe, madogo kama punje za maharage, moja limeshapasuka limebaki ganda. Sisimizi wameweka njia kutoka kwenye tundu la adapta mpaka chini ya diski. Nikakaa nayaangalia yale mayai muda, nikiwaza hiki kiboksi tumekaa nacho miaka mitatu hakuna aliyewahi kukifungua. Nikayatoa na kipande cha karatasi, nikapangusa vumbi taratibu kwa brashi mpya ya rangi, ile ndogo ya inchi moja, usitumie kitambaa kibichi na usipulize kwa mdomo maana mate yanaingia kwenye bodi.

Diski yenyewe imeshikiliwa na skrubu nne kwa chini. Igeuze DVR taratibu, shika diski kwa mkono mmoja isidondoke, fungua skrubu, chomoa kebo mbili, moja ya umeme na moja ya data, vuta plagi yenyewe usivute waya. Hizo skrubu nne ziweke kwenye kisahani zisipotee, za hadi diski ya inchi 3.5 zina uzi mkubwa kidogo kuliko za inchi 2.5, ukilazimisha isiyo yake unaharibu tundu.

Nikageuza diski nisome lebo. Hapo ndo nikaelewa kwanini imekufa mapema. Ilikuwa hadi diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Haikuwa ya kamera. Hili ni jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi tunapofungiwa kamera, tunaambiwa tu terabaiti moja, tunalipa. Diski ya kompyuta imetengenezwa kwa mtu anayewasha asubuhi anazima jioni, zipo ambazo watengenezaji wenyewe wameziandikia masaa 2,400 ya kuwaka kwa mwaka na kuandika au kusoma terabaiti 55 kwa mwaka. DVR haizimwi. Mwaka mzima una masaa 8,760 na yote inaandika. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, zimepangiwa kuwaka masaa 24 siku 7 na terabaiti 180 kwa mwaka. Na kuna tofauti nyingine ambayo mi naiona kubwa zaidi, diski ya kompyuta ikikutana na sehemu mbovu inang'ang'ania, inarudia kusoma hapo hapo tena na tena kwa sababu imefundishwa kwamba faili lako la kazi halitakiwi kupotea hata herufi moja. Kwenye kompyuta hilo ni jema. Kwenye kamera, wakati ye anang'ang'ania, picha mpya zinazidi kuja na hazina pa kwenda, zinamwagika. Diski ya kamera inakubali kupoteza kipande kidogo cha picha ili isikose yanayofuata.

Jumatatu nikaenda nayo ofisini, tuna kompyuta ya mezani ya zamani, nikaichomeka ndani kwa SATA. Angalizo, zile kebo za USB za kuchomekea diski ndogo haziwezi kuizungusha diski kubwa ya inchi 3.5 kama hazina adapta yake ya umeme, maana inahitaji volti 12 na USB ya kawaida inatoa 5. Ilivyowaka ikazunguka, ikagonga tak, tak, tak, ikanyamaza, ikagonga tena. Mara ya tatu ikasomeka dakika chache. Windows ikauliza unataka kuifomati? Usikubali hata siku moja. DVR zinaandika kwa mpangilio wao wenyewe ambao Windows haiujui, kwa hiyo inaona kama diski tupu, ukikubali unafuta kumbukumbu. Nikafungua programu ya kusoma afya ya diski, CrystalDiskInfo, inapatikana bure. Masaa ya kuwaka 24,918. Sehemu zinazosubiri kuhamishwa kwa sababu hazisomeki, zaidi ya elfu moja. Kwenye diski isiyo mbovu hiyo namba inatakiwa iwe sifuri. Alafu ikagonga tena ikapotea, na mpaka leo haijasomeka.

Kuna mwenzangu aliniambia niiweke kwenye friza usiku mmoja itafufuka. Nimesikia hiyo sana. Usifanye, ukiitoa kwenye baridi unyevu unaganda mpaka ndani, na kwa joto letu la Dar utaona matone kabisa. Na usiifungue kile kifuniko chake cha chuma kutazama, kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Kwangu mimi hata kuhangaika kuiokoa hakukuwa na maana, usiku wa wizi haumo mle. Haukuwahi kuandikwa.

Sasa kununua. Nilipanda daladala mpaka Kariakoo nikazunguka maduka matatu. Duka la kwanza WD Purple, ile ya zambarau, ya terabaiti 2 kwa laki moja na elfu kumi, bei nzuri mno, nikamwambia kaka naomba tuichomeke nione masaa yake, akasema hapa hatuchomeki dada, mpya hiyo haijafunguliwa. Nikaondoka. Duka la pili walikubali, ikachomekwa, masaa sifuri. Ila nikaangalia matundu ya skrubu, yana mikwaruzo ya uzi, yaani kuna skrubu imeshaingia na kutoka, na zile pini za dhahabu za SATA zina mistari ya kuchomekwa. Diski ambayo haijawahi kuwaka inatoa wapi mistari? Lebo nayo imekaa upande kidogo. Nikashukuru nikaondoka.

Hili la masaa kurudishwa sifuri lipo duniani, si letu peke yetu. Mwanzoni mwa 2025 jarida la teknolojia la Heise la Ujerumani liliibua habari ya hadi diski za Seagate zilizouzwa madukani kama mpya kumbe zimeshatumika masaa maelfu kwa maelfu, rekodi zao za SMART, yaani zile za afya ya diski na masaa ya kuwaka, zimefutwa zinaonyesha kama hazijawahi kuwaka, na kampuni yenyewe ikasema sio yenyewe iliyowauzia wauzaji hao. Kilichoumbua ni kumbukumbu nyingine iliyoko ndani ya diski hizo inaitwa FARM, wafutaji walifuta SMART wakaisahau hiyo. Kama una Linux, programu ya smartmontools kuanzia toleo la 7.4 inaweza kusoma FARM kwa diski za Seagate, unaandika smartctl -l farm unaweka na jina la diski, unalinganisha masaa ya huku na ya kule. Yasipolingana, irudishe.

Duka la tatu nililipa laki mbili na elfu arobaini kwa WD Purple ya terabaiti 2, ikafunguliwa mbele yangu, matundu safi, pini safi, masaa sifuri, serial namba iliyo kwenye lebo nikaiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji pale pale kwa simu ikaonyesha garantii ya miaka mitatu haijaanza kuliwa. Na risiti ya EFD. Bila risiti ya EFD usitoke dukani, garantii utaidai na nini? Kabla ya kuchagua ukubwa nilisoma kwanza kitabu cha DVR yetu, yenyewe mwisho ni terabaiti 6, nyingine mwisho wake ni 4, ukiweka kubwa kuliko inavyoweza hela yako inakaa bure.

Kuhusu ukubwa, nilikaa na kalamu nikapiga hesabu kwa sababu nilikuwa nimechoka kukisia. Kamera zetu ni za megapikseli 2, zilikuwa zimepangwa kurekodi kwa H.264, ni namna ya kubana video, megabiti 4 kwa sekunde. Megabiti nane ni megabaiti moja, kwa hiyo hiyo ni nusu megabaiti kila sekunde, kwa siku nzima gigabaiti 43 kwa kamera moja, kamera nne gigabaiti 172. Kwa hiyo ile terabaiti moja ya zamani hata ilipokuwa nzima ilikuwa inatunza siku tano na ushee tu, ikijaa inaanza kufuta za mwanzo. Siku tano! Mtu akisafiri msibani wiki moja akirudi tayari mwanzo wa safari umefutika. Na ukizidisha kwa mwaka ni terabaiti 63, ambayo ni zaidi ya zile 55 nilizosema pale juu, diski ilikuwa imebebeshwa mzigo usio wake tangu siku ya kwanza. Nikabadilisha kamera ziwe H.265, inayobana zaidi, megabiti 2, ubora nikilinganisha kwa macho usiku na mchana sioni tofauti, sasa ni gigabaiti 86 kwa siku, na kwa terabaiti 2 napata siku 23. Mtu akija baada ya wiki mbili kuniomba nimtazamie kitu, kitakuwepo.

Kufunga hakukuwa na mambo mengi. Nikagusa bomba la chuma la maji kutoa umeme wa mwilini, nikaweka diski, skrubu nne, sikuzikaza sana, kebo ya umeme kebo ya data, nikawasha kabla ya kurudisha mfuniko nisikilize. Ilizunguka na mlio mwembamba ule wa kupanda taratibu, hakuna kugonga. Kwenye menyu ikaandika kwamba diski haijaandaliwa, nikaichagua nikabonyeza kuiandaa, haikuchukua hata dakika mbili ikawa sawa. Nilihofia nitaanza kupanga upya paswedi na kamera na kuunganisha simu, kumbe setingi zote zinakaa kwenye chipu ya bodi, diski inabeba picha tu. Mjomba wangu wa Minnesota aliponiona nimeweka picha kwenye grupu la ukoo akaniambia una bahati, yeye alikuwa na TiVo ya zamani, ile mashine ya kurekodi vipindi vya tivii iliyotoka Marekani 1999, ile programu nzima ya kuendesha mashine ilikuwa imekaa humo humo kwenye hadi diski, kwa hiyo ikifa huwezi kuweka tupu ukaondoka, lazima unakili mfumo wote kwanza kwenye diski mpya kwa kompyuta.

Nikaangalia saa. Ilikuwa imechelewa dakika 47. Saa ikikosea rekodi inakosea nayo, na mbele ya polisi utaeleza nini. Ndani ya bodi kuna betri ya duara ya CR2032, nikabadilisha ni shilingi elfu mbili, nikaweka GMT+3 na nikaruhusu ijirekebishe yenyewe kwa intaneti. Nikahamishia DVR kwenye kimeza kifupi karibu na dirisha la korido, na mama nikamueleza, akasikiliza, akachukua kitambaa chake akakikunja akakiweka kwenye droo bila kusema neno. Nikamuomba asikiweke droo, akitandike kwenye kimeza chini ya mashine. Akacheka, akakitandika.

Kitu cha mwisho nikaenda kule kwenye tahadhari nikarudisha tiki. Zote. Diski mbovu, diski haipo, kamera imekatika. Nikachomoa kebo ya data makusudi nione, ikalia tiiit tiiit, mama akaja mbio kutoka jikoni, nikamwambia mama huu mlio ukiusikia hata kama niko kazini nipigie. Nikarudisha kebo. UPS, lile betri la kushikilia umeme ukikatika, bado sijanunua, umeme wetu unakatika na kurudi mara tatu kwa jioni moja na hilo nalo linachakaza diski, nasubiri mwisho wa mwezi.

Kesho yake asubuhi kabla sijaenda kazini nikafungua marudio nihakikishe kweli usiku mzima umeandikwa. Kalenda ina alama. Nikaanza saa sita usiku, nikapeleka mbele kwa haraka, njia tupu, paka, bodaboda mmoja, njia tupu. 02:40 mlango wetu wa mbele ukafunguka. Mama. Yuko na khanga na tochi, anatembea polepole kwa mguu wake ule unaomuuma, akaenda mpaka kwenye geti, akatikisa kufuli, akazunguka upande wa tangi, akamulika pampu yetu ya maji, akasimama pale kama dakika mbili. Alafu akarudi ndani. 04:15 akatoka tena.

Nikamuuliza wakati wa chai, mama jana usiku ulitoka nje? Akasema nilikuwa naangalia tu. Nikamuuliza tangu lini? Akamimina chai, akasema tangu jirani aibiwe.

Kazini nilichelewa siku ile. Tulikuwa na tivii ndogo ya inchi 19 stoo, nikavuta waya kutoka DVR kupitia juu ya mlango mpaka chumbani kwake, nikaifunga ukutani mbele ya kitanda, na rimoti nikaibandika karatasi nyekundu kwenye kitufe cha kuwashia aione hata usiku. Akilala upande wake wa kulia anaona geti, anaona tangi, anaona na njia mpaka geti la bluu.